Hermann Grassmann: Mwalimu wa Shule Aliyekipima Kivuli cha Mstari

Utangulizi

Jina la Hermann Grassmann si geni kabisa kwa mwanafunzi wa Kiswahili aliyewahi kuhudhuria mihadhara ya isimu historia. Hutajwa pale mhadhiri anapoeleza kanuni za mabadiliko ya sauti katika Kisanskriti na Kigiriki cha kale. Katika idara ya hisabati jina lilo hilo hutajwa kwa sababu nyingine: huko linahusishwa na aljebra ya vekta na nafasi zenye vipimo vingi. Ni rahisi kudhani kwamba wanaozungumziwa ni watu wawili waliosadifiana majina. La hasha! Ni mtu mmoja, mwalimu wa shule ya upili aliyeishi katika mji wa bandari wa Stettin tangu utotoni hadi kifo chake, isipokuwa miaka michache aliyokaa Berlin.

Makala haya yanasimulia maisha ya msomi huyo. Jambo moja tutalifuata tangu mwanzo hadi mwisho, nalo ni wazo la kutupa vekta moja juu ya nyingine, yaani kutafuta kivuli cha mstari mmoja juu ya mstari wa pili. Wazo hilo leo hufundishwa katika majuma ya mwanzo ya somo la aljebra ya vekta. Hata hivyo, maandishi ambamo Grassmann alilieleza kwa uwazi yalilala kwenye majalada kwa zaidi ya miaka 70, na kitabu alichokitumainia kikageuzwa karatasi taka. Kwa nini ilikuwa hivyo? Swali hilo linamhusu kila mtu anayetaka sayansi izungumzwe katika lugha yake mwenyewe, na kwa hiyo linatuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili.

Kuzaliwa na Malezi

Hermann Günther Grassmann alizaliwa tarehe 15 Aprili 1809 mjini Stettin, katika jimbo la Pomerania lililokuwa sehemu ya ufalme wa Prussia. Siku hizi mji huo uko nchini Poland na unaitwa Szczecin. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto 12. Babake, Justus Günther Grassmann, alikuwa amepata daraja ya uchungaji lakini akachagua ualimu, akafundisha hisabati na fizikia katika shule ya upili ya mji huo. Aliandika vitabu vya shule na kuchunguza maumbo ya fuwele. Mamake, Johanne Medenwald, alikuwa binti wa mchungaji. Nyumba hiyo, basi, ilikuwa na nguzo mbili: dini na elimu.

Wanaomfikiria Grassmann kuwa mtoto aliyezaliwa na kipaji kilichong'aa tangu mwanzo watashangaa kusikia kwamba utotoni alionekana mzito wa kuelewa na mwepesi wa kusahau. Babake alifikia hatua ya kumwambia kwamba hatasononeka iwapo mwanawe ataishia kuwa mtunza bustani au fundi wa mikono. Lakini mtoto huyo hakukata tamaa. Kidogo kidogo aliushinda usahaulifu wake, na alipofanya mtihani wa mwisho wa shule ya upili akiwa na umri wa miaka 18, alishika nafasi ya pili.

Masomo ya Chuo Kikuu

Mnamo 1827 Grassmann alijiunga na Chuo Kikuu cha Berlin. Huenda msomaji akatarajia kusikia kwamba alisomea hisabati. Sivyo. Alisoma theolojia, lugha za kale na falsafa. Aliyemvutia zaidi ni Friedrich Schleiermacher, mwanatheolojia na mwanafalsafa aliyewazoeza wanafunzi wake kuyachambua mambo kwa kuyapambanisha mawili mawili: jumla na mahususi, sawa na tofauti. Tabia hiyo ya kufikiri ilimkaa Grassmann moyoni, na baadaye ilijitokeza katika kila ukurasa wa kazi zake za hisabati. Somo la hisabati lenyewe hakulisikiliza chuoni. Alijifundisha mwenyewe kwa kusoma vitabu, hasa vile vya babake.

Aliporejea Stettin mwaka 1830 alijitayarisha kwa mtihani wa ualimu, akaufanya mwaka uliofuata. Matokeo hayakumpa fahari: aliruhusiwa kufundisha madarasa ya chini tu. Mwaka 1834 alifaulu mtihani wa kwanza wa kanisa, kisha akaenda Berlin kufundisha hisabati katika shule ya ufundi, mahali palipoachwa wazi na mwanajiometri mashuhuri Jakob Steiner. Hakudumu huko. Mwaka mmoja baadaye alikuwa amerudi nyumbani, na tangu wakati huo hakuhama tena. Mwaka 1839 alifaulu pia mtihani wa pili wa kanisa. Milango miwili ilikuwa wazi mbele yake, wa kasisi na wa mwalimu. Naye akachagua wa mwalimu.

Mtihani wa Mwaka 1840

Ili aruhusiwe kufundisha madarasa yote ya shule ya upili, Grassmann alihitajika kufanya mtihani mwingine na kuandika insha kuhusu mada aliyopewa. Mada hiyo ilikuwa kujaa na kupwa kwa maji ya bahari. Watahiniwa wengi wangeandika kurasa chache na kushukuru Mungu. Grassmann aliandika zaidi ya kurasa 200.

Nadharia ya kujaa na kupwa ilikwisha kuandikwa na Mfaransa Laplace, kwa milinganyo mirefu iliyowachosha hata mabingwa. Chanzo cha urefu huo kinajulikana. Kila nguvu ina ukubwa na ina mwelekeo. Laplace na wenzake waliigawa kila nguvu katika sehemu tatu zinazofuata mihimili mitatu iliyowekwa mapema, wakafanya hesabu ya kila sehemu peke yake, kisha wakaziunganisha tena. Grassmann alijiuliza: mbona tusifanye hesabu kwa mishale yenyewe, bila kuivunjavunja kwanza? Mshale na ujumlishwe na mshale, mshale na uzidishwe kwa mshale.

Kujumlisha hakukuwa na taabu: mshale wa pili huanzia pale ulipoishia wa kwanza. Kuzidisha ndiko kulikohitaji ubunifu. Grassmann alibainisha namna mbili. Ya kwanza, ambayo baadaye aliiita zao la nje, hutoa eneo la umbo la pande nne linalotandazwa na mishale miwili. Ya pili, ambayo katika insha hiyo aliiita zao la mstari na baadaye zao la ndani, aliifafanua kwa kutumia kivuli: chukua urefu wa mshale mmoja, uuzidishe kwa kivuli cha mshale wa pili kinachoangukia juu yake kwa pembe mraba. Hiki ndicho kiini cha makala yetu, na ni vyema tukieleze kwa mfano.

Kivuli cha Mstari ni Nini?

Tuchukue mishale miwili inayoanzia mahali pamoja. Mmoja tuuite A, wa pili B. Kutoka kwenye ncha ya A tuteremshe mstari unaokutana na mstari wa B kwa pembe mraba. Kipande cha mstari wa B kinachoanzia pale mishale ilipokutana hadi pale mstari ulioteremshwa ulipotua ndicho kivuli cha A juu ya B. Ni kama jua lililosimama moja kwa moja juu ya B na kuimulika A.

Mfikirie nahodha ambaye jahazi lake limesafiri kilomita 10 kwa mwelekeo unaofanya pembe ya digrii 60 na ufuo ulionyooka. Je, ameendelea kiasi gani kuufuata ufuo? Jibu ni kilomita 5, kwa kuwa kosaini ya digrii 60 ni nusu. Kama angeelekea baharini kwa pembe mraba, kivuli chake juu ya ufuo kingekuwa sufuri, hata angesafiri kilomita 1,000. Na kama pembe ingezidi digrii 90, kivuli kingeangukia upande wa nyuma, na kipimo chake kingekuwa hasi.

Sasa tuone zao lenyewe. Tuseme urefu wa A ni 10, urefu wa B ni 4, na pembe kati yao ni digrii 60. Kivuli cha A juu ya B ni 5. Tukikizidisha kwa 4 tunapata 20. Tugeuze mambo: kivuli cha B juu ya A ni 2, tukikizidisha kwa 10 tunapata 20 vilevile. Haidhuru nani anamtupia mwenzake kivuli, zao ni lile lile. Usawa huu ndio unaolifanya zao la ndani liwe chombo cha kutegemewa.

Uzuri mwingine ni kwamba pembe si lazima ijulikane. Tuseme A inakwenda hatua 5 mashariki na 5 kaskazini, ilhali B inakwenda hatua 3 mashariki na 1 kaskazini. Zidisha mashariki kwa mashariki, upate 15. Kaskazini kwa kaskazini, upate 5. Jumla ni 20. Hilo ndilo zao la ndani. Halafu tafuta mraba wa urefu wa B: 9 na 1, jumla 10. Gawanya 20 kwa 10, upate 2. Kwa hiyo kivuli cha A juu ya B ni B iliyorudiwa mara mbili, yaani hatua 6 mashariki na 2 kaskazini. Ukikitoa kivuli hicho kutoka kwa A, kinachosalia ni hatua 1 magharibi na 3 kaskazini. Masalio hayo yanakutana na B kwa pembe mraba. Ukiyazidisha na B kwa njia ile ile utapata sufuri. A imegawanyika katika sehemu mbili: moja inayofuata B kikamilifu, na nyingine isiyohusiana na B hata chembe. Isitoshe, ncha ya kivuli ndiyo sehemu ya mstari wa B iliyo karibu zaidi na ncha ya A.

Uhusiano wa jambo hili na bahari si mgumu kuuona. Mwezi huyavuta maji ya dunia. Sehemu ya mvuto inayoelekea juu wima hushindwa na uzito wa maji yenyewe. Sehemu inayolala juu ya uso wa bahari ndiyo inayoyasukuma maji na kuyakusanya mahali pamoja. Kwa hiyo anayetaka kuelewa bamvua na maji mafu hana budi kuuliza: kivuli cha mvuto huo juu ya uso wa bahari ni kiasi gani?

Mtahini aliisoma insha hiyo na kumpitisha Grassmann. Hakuonekana kutambua kwamba mikononi mwake alikuwa na aljebra mpya. Insha ikawekwa kwenye majalada. Ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1911, katika mkusanyiko wa kazi za Grassmann uliohaririwa na Friedrich Engel. Mwandishi wake alikuwa kaburini kwa miaka 34.

Kitabu Kisichosomwa

Baada ya mtihani Grassmann alipiga moyo konde kuliendeleza wazo lake. Mwaka 1844 kitabu chake kilichapishwa mjini Leipzig, kwa jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kulitafsiri kuwa Nadharia ya Mtandao, yaani nadharia ya mambo yanayotanda: nukta hutanda ikawa mstari, mstari ukawa eneo, eneo likawa ujazo. Hapo jiometri ya kawaida husimama. Grassmann hakusimama. Alionyesha kwamba nadharia haihitaji kuishia kwenye urefu, upana na kimo, bali inaweza kuendelea kwenye idadi yoyote ya vipimo.

Leo hii twajua kwamba kitabu hicho kilikuwa miongoni mwa vitabu vizito vya hisabati vya karne ya 19. Wakati huo karibu hakuna aliyekisoma. Gauss, bingwa wa mabingwa, alijibu kwa upole kwamba yeye mwenyewe alikuwa ametafakari mambo yanayokaribiana na hayo karibu nusu karne iliyotangulia. Möbius wa Leipzig, ambaye kazi yake ilikaribiana zaidi na ile ya Grassmann, aliombwa akihakiki. Alikiri kwamba falsafa iliyojaa humo ilimshinda, akamshauri Grassmann akihakiki mwenyewe.

Tatizo lilikuwa nini? Baadhi ya watu wamelaumu istilahi. Ni kweli kwamba Grassmann hakutegemea Kilatini peke yake. Aliunda istilahi nyingi kutokana na maneno ya kawaida ya Kijerumani. Mathalani, kwa tendo la kutupa umbo moja juu ya jingine, si kwa pembe mraba pekee bali kwa mwelekeo wowote uliochaguliwa, alitumia neno lenye mzizi wa kivuli. Lakini istilahi hazikuwa mkosaji mkuu. Ushahidi ni kwamba zao la ndani na zao la nje ni majina yanayotumiwa hadi leo katika lugha nyingi za dunia, kila moja ikiyatafsiri kwa maneno yake.

Kwa maoni yetu, kosa lilikuwa katika mpangilio. Grassmann alianza kwa falsafa ya jumla, akashuka polepole kuelekea mambo mahususi. Mifano ilikuja ikiwa imechelewa. Zaidi ya hayo, zao la ndani, lile linaloeleweka hata na mtoto aliyewahi kutazama kivuli chake, liligusiwa tu katika dibaji na kuahirishwa hadi juzuu ya pili. Msomaji alinyimwa ngazi ya kupandia. Ile insha ya bahari, ambamo kila wazo lilizaliwa kutokana na hitaji linaloonekana, ilikuwa imefungiwa Berlin.

Juzuu ya pili iliyoahidiwa haikutoka. Hata hivyo mwaka 1846 palitokea faraja. Shirika la wasomi la Jablonowski mjini Leipzig lilikuwa limetangaza tuzo kwa atakayeliendeleza wazo la mwanafalsafa Leibniz kuhusu hesabu ya kijiometri. Grassmann alishiriki na kushinda. Ni kweli kwamba mshindani alikuwa yeye peke yake. Kazi hiyo, ambamo zao la ndani lilipata nafasi kubwa, ilichapishwa mwaka 1847 ikiambatana na maelezo ya Möbius ya kuisaidia ieleweke.

Mlango wa Chuo Kikuu

Mwaka huo huo wa 1847 Grassmann aliiandikia wizara ya elimu ya Prussia akiomba afikiriwe kwa nafasi ya kufundisha katika chuo kikuu. Wizara ilitaka maoni ya mwanahisabati Ernst Kummer. Kummer aliripoti kwamba mawazo ya mwombaji yalikuwa mazuri, lakini namna alivyoyaeleza ilikuwa na kasoro. Ripoti hiyo ilitosha kuufunga mlango, na kwa muda wote wa uhai wake Grassmann hakuwahi kuwa mhadhiri wa chuo kikuu chochote.

Haifai kuipuuza hukumu ya Kummer. Haikutokana na chuki, na kuhusu uandishi ilikuwa na ukweli. Lakini ilipima upande mmoja wa mtu. Yeyote anayetathmini kazi ya mwenzake huona tu kile kinacholala kwenye mwelekeo wa matarajio yake. Mtu mwenye urefu mkubwa anaweza kutupa kivuli kifupi sana, kutegemea mstari anaopimwa nao.

Mwaka 1848 mapinduzi yalipoitikisa Ujerumani, Grassmann na nduguye mdogo Robert walianzisha gazeti la kutetea ufalme unaofuata katiba. Mwaka 1849 alifunga ndoa na Marie Therese Knappe, na Mungu akawajalia watoto 11, ambao si wote waliofikia utu uzima. Babake alipofariki mwaka 1852, Hermann alirithi nafasi yake katika shule ya upili ya Stettin pamoja na cheo cha profesa kilichoambatana nayo. Mwaka 1853 alichapisha makala kuhusu mchanganyiko wa rangi za mwanga, akaonyesha kwamba rangi hujumlishwa kama vekta na kwamba viasi vitatu vinatosha kuielezea kila rangi. Kanuni hizo za rangi bado zinaitwa kwa jina lake.

Hakuitupa nadharia yake. Aliiandika upya kabisa, safari hii akiiondoa falsafa na kuweka fasili na uthibitisho, na zao la ndani likapewa sura yake. Kitabu kilitoka kikiwa na tarehe ya 1862, nakala 300 kwa gharama yake mwenyewe. Sasa kilikuwa kikavu kupita kiasi, na hakikusomwa zaidi ya kile cha kwanza. Mwaka 1864 mchapishaji wa kitabu cha 1844 aligeuza takriban nakala 600 zilizokosa wanunuzi kuwa karatasi taka.

Kutoka Hisabati hadi Isimu

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Grassmann alikuwa amejifunza Kisanskriti pamoja na lugha nyingine za jamii hiyo, zikiwemo Kigothi na Kilithuania. Hisabati ilipomnyima sikio, aliugeuza mkono wake kwenye lugha.

Mwaka 1863 alichapisha makala iliyoibua kanuni inayoitwa kwa jina lake. Katika Kisanskriti na Kigiriki cha kale, iwapo silabi mbili zinazofuatana zilianza kwa konsonanti zenye mpumuo, ile ya kwanza hupoteza mpumuo wake. Ndiyo sababu kitenzi cha Kisanskriti chenye maana ya kuweka, ambacho kwa taratibu za uradidi kingetarajiwa kuwa dhadhati, hutamkwa dadhati. Kanuni hiyo ilieleza kundi zima la maneno yaliyodhaniwa kuvunja kanuni ya Grimm kuhusu sauti za Kijerumani. Wanaisimu, tofauti na wanahisabati, waliipokea kazi yake kwa mikono miwili.

Hapa wanafunzi wa lugha za Kibantu hawana budi kutega sikio. Mnamo 1903 Carl Meinhof alieleza kanuni aliyoiita kwa jina la Edmund Dahl, mmishenari aliyeiona katika Kinyamwezi. Kanuni ya Dahl inajitokeza wazi katika Kikuyu: kiambishi awali cha k huwa g kinapofuatwa na silabi inayoanza kwa kipasuo sighuna. Kiti huitwa gĩtĩ, ilhali kitu huitwa kĩndũ. Kukata ni gũtema, ilhali kulima ni kũrĩma. Lugha ni tofauti na sauti zinazohusika ni tofauti, lakini tabia ni moja: konsonanti mbili zinazofanana sifa hukwepana, na ya kwanza ndiyo inayobadilika. Ndiyo maana wanaisimu huzilinganisha kanuni hizi mbili.

Kazi kubwa ya mwisho ya Grassmann ilikuwa juu ya Rig-Veda, mkusanyiko wa kale wa tenzi 1,028 za Kisanskriti. Kati ya 1873 na 1875 alitoa kamusi yake, na mwaka 1876 na 1877 akatoa tafsiri ya Kijerumani katika juzuu mbili. Kamusi hiyo bado inatumiwa na wataalamu. Mwaka 1876 Chuo Kikuu cha Tübingen kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Alitunukiwa kwa ajili ya isimu, si kwa ajili ya hisabati.

Siku za Mwisho

Hata hivyo mapambazuko ya hisabati yake yalikuwa yameanza. Mwaka 1867 Hermann Hankel alimsifu Grassmann katika kitabu chake, na wanahisabati vijana wakaanza kumtafuta. Palihitajika toleo jipya la kitabu cha 1844, kwani nakala zilikuwa zimekwisha. Mzee huyo, ambaye afya yake ilikuwa ikidhoofika, aliandika dibaji mpya. Hakuwahi kukishika kitabu chenyewe. Aliaga dunia mjini Stettin tarehe 26 Septemba 1877, na toleo likatoka mwaka 1878.

Waliomfuata waliyachukua mawazo yake na kuyatia katika usemi mwepesi. Mwingereza Clifford aliyaunganisha na yale ya Hamilton mwaka 1878. Mwitalia Peano aliyaeleza upya mwaka 1888 na kutoa fasili ya nafasi ya vekta inayokaribia sana ile inayofundishwa leo. Siku hizi kivuli cha vekta hutumiwa kila mahali. Mtakwimu anayetafuta mstari unaokaribia zaidi takwimu zake hutupa vekta moja juu ya nyingine. Programu za kompyuta zinazoshughulikia lugha huliwakilisha kila neno kwa vekta yenye mamia ya vipimo, kisha hupima ukaribu wa maneno kwa kosaini ya pembe iliyo kati yao. Lau Grassmann angefufuka, angekuta lugha na hisabati, alizozitumikia kwa zamu, zimekaa chumba kimoja.

Hitimisho

Maisha ya Hermann Grassmann yanatuachia mafunzo matatu. Kwanza, ukuta tunaoujenga kati ya wanalugha na wanasayansi ni wa kubuni tu. Mtu aliyesomea theolojia na lugha za kale ndiye aliyeipa dunia aljebra ya vipimo vingi, na subira aliyoizoea katika kupanga mawazo ndiyo aliyopangia maneno ya kamusi.

Pili, lugha ya nyumbani si kikwazo kwa sayansi. Istilahi zilizochotwa katika maneno ya kawaida hudumu, mradi zinabeba picha iliyo sahihi. Nasi katika Kiswahili tuna neno kivuli. Mwanafunzi anayeambiwa atafute kivuli cha vekta juu ya nyingine amekwisha kupewa nusu ya jibu na neno lenyewe.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, istilahi pekee haitoshi. Grassmann alikuwa na neno zuri na wazo zuri, lakini alimtaka msomaji aanzie kileleni. Insha yake iliyoanzia kwenye maji ya bahari ingeweza kumpandisha msomaji hatua kwa hatua, nayo ndiyo iliyofichika. Jopo linaloketi kuunda istilahi za hisabati au fizikia kwa Kiswahili lifanye kazi yake, lakini lisifunge daftari kabla ya kuandika pia mfano wa jahazi na ufuo. Bila mfano huo kamusi yetu inaweza kuwa tajiri na ikabaki kabatini, kama zile nakala 600 zilizosubiri wasomaji kwa miaka 20 na hatimaye zikauzwa kwa bei ya karatasi.